Mkubwa D, Mdogo C

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa wote huwa nayo, na mimi kuanzia mwezi ujao nitakuwa mtu mkubwa. Tangazo limebandikwa leo asubuhi kwenye mlango wa jiko la ofisi: anatafutwa Msimamizi wa Mitambo. Mmoja tu. Sisi tuko wawili.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Binti mrefu hata huinamisha kichwa akipita mlangoni. Dada yake, yaani mke wangu, anamfikia kwapani. Shemeji ndiye aliyenitafutia kazi hii mwaka jana, wakati nilipokuwa nyumbani nikihesabu vigae vya dari. Wema wake sijausahau. Ila wema ni wema na cheo ni cheo.

Ofisi yetu inatunga kamusi. Vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa, sakafu ya mbao, ukikohoa chumba cha mbele wanakupa pole chumba cha nyuma. Bosi wetu ni Mwalimu, mama aliyestaafu ualimu akaanza kukusanya maneno. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Amefika herufi W. Kamusi yote imo ndani ya kompyuta, na Ijumaa ya wiki ijayo inakwenda kwa mpiga chapa.

Mitambo iko mitatu chumba cha nyuma. Mmoja ni mkubwa, mrefu kama kabati la vyombo. Mmoja ni wa kati. Mmoja ni mdogo, unaweza kuukumbatia kama mtoto mchanga. Kila mmoja una mfumo wake wa kuuendesha, na mifumo yote mitatu ni ya ukoo mmoja wa BSD, tawi la kabila kubwa la Unix. Kwenye kabati kuna OpenBSD, kwenye wa kati FreeBSD, kwenye kichanga NetBSD. Ndugu watatu, mama mmoja. Mimi nilifanya kazi na FreeBSD miaka sita kule nilikotoka. Ukishamjua ndugu mmoja, hao wengine watakushinda nini?

Cheo ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Niandike upesi nimalize.

Nilimwita Mwalimu aje aone ninavyoongeza programu mpya kwenye ule mtambo mkubwa. Nikaandika sudo, amri ya kuomba mamlaka, kama nilivyoiandika kila siku kwa miaka sita. Mtambo ukajibu kwamba hauijui. Nikaandika tena, polepole, labda haukunisikia. Hauijui! Nikajaribu pkg, amri ya kuleta programu. Hiyo nayo hauijui. Mwalimu akatazama saa yake ya mkononi, akasema ana neno linamsubiri.

Kwanza nilidhani Shemeji ameificha sudo makusudi. Nikamuuliza kwa ukali wa kutosha. Akanieleza bila hasira kwamba kwenye ule mtambo amri hiyo inaitwa doas. Doas! Nani mwenye akili timamu ataita amri madoa? Na programu zinaletwa na pkg_add, na kwenye kichanga ni pkgin. Akasema ndugu hawa walitengana miaka mingi iliyopita, kila mmoja akajenga kwake. Mmoja ni mtu wa kufunga milango, hata dirisha la choo analitia komeo. Mwingine yuko tayari kuishi kwenye mashine yoyote, hata kuukuu. Sura wamefanana, lakini ukiingia jikoni kwa mmoja usitegemee kukuta chumvi pale ulipoiona kwa mwenzake.

Akamaliza kwa kusema nisione haya kuuliza. Haya! Mimi! Akanionyesha karatasi aliyobandika ukutani, mambo yote muhimu ameyaandika pale. Sikuisoma. Mtu wa miaka sita hasomi karatasi za ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata mbinu. Nimeipata nikipiga mswaki, na nusura nimeze dawa.

Kwa nini tuwe na ndugu watatu wenye majiko matatu? Tuwe na mmoja! FreeBSD kila mahali, kuanzia mtambo mkubwa ilimo kamusi. Hapo ujuzi wote wa Shemeji juu ya hao wengine utakuwa sawa na kujua njia ya mji uliohamwa. Mimi nitabaki mjuzi peke yangu, na mjuzi akiwa mmoja hakuna haja ya usaili.

Nilimweleza Mwalimu, bila kutaja hiyo sehemu ya mwisho. Nikasema ni kurahisisha kazi. Alinisikiliza huku akinoa penseli. Akasema hana pingamizi, kwa masharti matatu: nisiguse maneno yake, nichukue nakala ya kila kitu kwanza, na nishauriane na shemeji yangu. Masharti mawili ya kwanza nimeyapokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu ana watu wake. Shemeji ameshikwa na jino. Shavu limevimba kama ametia limau mdomoni. Amepewa ruhusa kuanzia kesho hadi Jumanne, ling'olewe apumzike.

Nilimwonea huruma, kwa kweli. Nilimtafutia maji ya uvuguvugu na chumvi, nikamsindikiza hadi chini. Nikapanda ngazi nikiruka mbili mbili.

Mwalimu leo ameandika kutwa nzima. Nilipita nyuma yake akiwa kwenye neno "wasaa". Ananung'unika maneno anapoyaandika, kama mtu anayebembeleza. Kesho atakuwa kwa mpiga chapa kuchagua karatasi. Chumba cha nyuma kitakuwa changu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Nitaieleza kwa utulivu.

Saa mbili kamili nilikuwa chumba cha nyuma. Kwanza nakala, kama nilivyoahidi. Sasa, kwa ndugu hawa diski hugawanywa vipande, kila kipande na herufi yake, na ipo herufi moja isiyo ya kipande, ni ya diski nzima. Kwa FreeBSD yangu diski nzima haina herufi. Kwa hawa wengine sikuwa na hakika. Nikaona si dhambi kutupia jicho karatasi ya ukutani. Mstari ulikuwa wazi kama mchana: "Kuchukua diski nzima: mkubwa D, mdogo C."

Nikaitazama mitambo. Mkubwa huu hapa, kabati. Mdogo ule pale, kichanga. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Nikaandika D, nikabonyeza.

Shemeji akichukua nakala ya diski nzima hutumia saa tatu. Anajiletea na kitabu cha kusoma. Mimi nimetumia dakika mbili! Dakika mbili! Nilicheka peke yangu mpaka fundi cherehani wa chini akagonga dari yake kwa kijiti. Kumbe siku zote hizi binti wa watu alikuwa akisoma hadithi kwa saa za ofisi.

Baada ya hapo nikaifuta diski ya mtambo mkubwa na kuweka FreeBSD. Kufikia saa saba mtambo ulikuwa unaitika pkg kama ng'ombe anayejua jina lake. Maneno ya Mwalimu nitayarudisha Jumatatu kutoka kwenye nakala. Hakuna haraka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemsimulia mke wangu. Aliniuliza, kitu kinachochukua saa tatu na kitu kinachochukua dakika mbili, ni kitu kimoja? Nikamwambia mambo ya mitambo hayapimwi kwa akili ya jikoni. Akasema sawa, na jikoni leo kaniachia mimi. Nimepika. Kimeungua kidogo.

Alasiri tulikwenda kumwona Shemeji. Jino limetoka, amekatazwa kusema, anaandika kwenye kijidaftari. Mke wangu alipokwenda kuchemsha uji, Shemeji akaniandikia: kazini vipi? Nikaandika: safi. Akaandika: hamjagusa kitu? Nikaandika: kidogo tu. Akanitazama sana. Akaandika: nakala? Nikaandika: nzima, na nikapiga mstari chini ya neno nzima. Akatabasamu kwa upande mmoja, ule usiouma, akalala. Nilijisikia mtu mbaya kwa muda wa kama dakika tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeifungua nakala. Nusu saa nzima nikihangaika nayo, ikafunguka. Ndani mna folda mbili tupu, faili nne tupu, na barua ya Shemeji ya kuomba ruhusa ya jino, ambayo hakuimaliza.

Basi. Hakuna A. Hakuna B. Hakuna neno hata moja.

Nikafungua tena. Nikazima, nikawasha, nikafungua. Barua ya jino. Nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa moyo.

Kwenye ule mtambo D haikuwa diski nzima. Ilikuwa kipande tu, kile cha vitu vya kupita, ambacho mtambo wenyewe hukifagia kila ukiwashwa. Nimechukua nakala ya ndoo ya takataka, nikachoma nyumba.

Mwalimu alifika saa tatu kasorobo akiwa na furaha ya karatasi. Kanionyesha vipande vya mfano, nyeupe na nyeupe zaidi, akaniuliza napendelea ipi. Nikasema ya pili. Akasema anataka kuendelea na W. Nikasema mtambo unapumzika. Akasema, basi naye atapumzika kidogo, maana miaka kumi na moja si mchezo. Akakaa dirishani na chai yake.

Niliogopa. Nimetafuta njia nyingine ya kuliandika hili sikuipata. Nilisimama jikoni nikashika sinki. Kisha nikashuka ngazi na kukimbia hadi nyumbani kwa Shemeji, mitaa minne, na viatu vya ofisi.

Alifungua mlango na kitambaa shavuni. Nilimwambia yote papo hapo, kizingitini. Bado alikuwa amekatazwa kusema. Akachukua viatu vyake.

Jumanne, 11 Machi

Kamusi ipo. Niandike tena: ipo!

Kila Jumapili mtambo mkubwa huupelekea ule mdogo nakala ya kamusi, wenyewe kwa wenyewe, bila mtu. Shemeji aliupanga hivyo zamani, hakumwambia yeyote kwa sababu hakuna aliyeuliza. Jumapili hii iliyopita haukupeleka kitu, maana mimi nilikuwa nimekwisha kuufuta. Lakini ya Jumapili kabla ya hapo imo. Kilichopotea ni kazi ya Mwalimu ya Jumatatu hadi Alhamisi. Maneno mia mbili na kumi na manne ya herufi W.

Asubuhi tulimwita Mwalimu chumba cha nyuma, tukamwambia. Yaani nilimwambia mimi, na Shemeji alisimama kando yangu. Mwalimu hakupaza sauti. Aliuliza ilikuwaje. Nikamwonyesha karatasi ya ukutani: mkubwa D, mdogo C. Nikamwonyesha mtambo mkubwa, nikamwonyesha mdogo. Nikasema mtu yeyote angefanya vile.

Akaisoma karatasi. Akamtazama Shemeji, akanitazama mimi, kisha akaniomba nifungue kamusi kwenye M, nitafute neno "mdogo", nimsomee.

"Mdogo," nilisoma. "Moja. Ndugu aliyezaliwa baada ya mwingine. Mfano: mdogo wake amempita kwa kimo."

"Rudia huo mfano."

"Mdogo wake amempita kwa kimo."

"Mke wako na huyu hapa, mdogo ni nani?"

Niligeuka. Shemeji alikuwa amesimama chini ya taa, na kichwa chake kilikuwa kinakaribia kuigusa. Kumbe aliwaandika ndugu kwa kuzaliwa kwao! NetBSD ndiye wa kwanza, ndiye mkubwa, ingawa anaishi kwenye kichanga. OpenBSD ndiye wa mwisho, alitoka ubavuni mwa NetBSD, na huyo ndiye mdogo, ingawa anakaa kwenye kabati. Mkubwa D, mdogo C. Karatasi ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Hapo Shemeji akasema maneno yake ya kwanza tangu Ijumaa, kwa taabu, upande mmoja wa mdomo:

"Kosa ni langu, Mwalimu. Niliandika kama ninavyoelewa mimi. Shemeji hakuwa na wa kumuuliza, nilikuwa mgonjwa."

Uongo mtupu. Angeweza kuulizwa. Aliniuliza yeye mwenyewe, kwa maandishi!  Nikasema kosa ni langu. Mwalimu akasema kosa likigombewa na watu wawili ni dalili nzuri, lakini maneno yake bado hayapo na Ijumaa iko palepale.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji amerudisha OpenBSD kwenye mtambo mkubwa na kamusi ndani yake. Imemchukua siku nzima na hajasoma hadithi hata ukurasa.

Mimi na Mwalimu tumekaa meza moja. Anakumbuka, mimi naandika. Maneno mengine ameyaokota migongoni mwa bahasha kwenye mkoba wake, mengine pembezoni mwa gazeti. Mengine hufumba macho. Kuna wakati niliona mdomo wake unatafuta neno na haulipati, na niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Nikamkumbusha "wasaa", nililoliona Alhamisi nikipita nyuma yake. Akanipiga kibao cha begani kwa furaha. Nimelichapa mwenyewe, na mfano wake.

Jioni Shemeji aliniambia ataandika karatasi mpya, safari hii kama ninavyosoma mimi. Nikasema asijisumbue. Sasa naelewa kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Tumefika mia mbili na saba. Saba hayakurudi. Mwalimu amesema maneno yana kiburi, ukiyafukuza hayaji. Ametabasamu, lakini niliona anavyohesabu vidole. Nimemwomba radhi. Akasema nimpe chai.

Jumamosi, 15 Machi

Kamusi ilikwenda kwa mpiga chapa jana saa tano, ikiwa na pengo la maneno saba ambalo hakuna atakayeliona isipokuwa watu watatu. Mwalimu alishuka ngazi ameibeba kifuani, kwenye kidude kidogo kama kidole. Sote tulimsindikiza hadi barabarani.

Cheo kimekwenda kwa Shemeji. Hakukuwa na usaili. Mke wangu alifurahi, kisha akakumbuka na kunitazama usoni, kisha akafurahi tena. Nami nilifurahi. Kidogo. Nimempa Shemeji mkono, akaniambia bado ananihitaji pale. Nililazimika kutazama dirishani.

Jumatatu, 17 Machi

Maneno mawili kati ya yale saba yamerudi! Mwalimu ameyakumbuka akiwa amelala, akaja mbio kuyaandika kwa ajili ya chapa ya pili. Tangu asubuhi ameandika mengine mapya arobaini. Yote yamo kwenye mtambo mkubwa.

Kesho fundi anakuja kuubadilishia mtambo huo diski, ya zamani inapiga kelele. Shemeji hatakuwepo, anakwenda kutolewa nyuzi za fizi. Lakini ameacha mambo sawa, na karatasi yake mpya iko ukutani, maandishi makubwa, wino mwekundu. Mwalimu amesema nakala ya diski nzima ataichukua yeye mwenyewe safari hii, hatua kwa hatua kwa kuifuata karatasi, nami nisikaribie. Nimemwelewa. Ana haki.

Jioni, kila mtu akiwa ameondoka, niliisoma. Nimejifunza kusoma karatasi za ukutani. Na namshukuru Mungu kwamba niliisoma! Shemeji, maskini, jino limemchanganya. Ameandika: "Mtambo mkubwa C, mdogo D." Amegeuza! Wiki iliyopita nisingegundua. Lakini sasa najua maana ya mdogo, nimeisoma kwa sauti mbele ya watu: ni aliyezaliwa baadaye. Mdogo ni C. Mkubwa ni D.

Nimesahihisha kwa wino uleule mwekundu, mwandiko uleule, asije akaona haya. Wala sitamwambia. Alinifunika mbele ya Mwalimu, nami nimemfunika.

Mwalimu nilikutana naye ngazini, alikuwa amesahau mwavuli. Aliniuliza kama karatasi iko sawa kwa ajili ya kesho. Nikamwambia alale bila wasiwasi, nimeipitia mwenyewe.